Njia ya Kwenda Taarabuni: Wazazi, Watoto na Historia ya Wasikilizaji wa Pwani

Historia ya taarabu ya Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa kuwafuata watunzi, waimbaji, ala na watawala waliozigharimia, na kwa sababu hiyo msikilizaji, ambaye bila yeye mwimbaji angeimba ukutani, ametajwa kwa uchache sana. Msikilizaji huyo hakuwa mtu aliyekaa akisubiri muziki umfikie: kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 alitoka shamba kwenda mjini, akavuka bahari kati ya visiwa na bara, akapitisha usiku mzima ugenini, na mara nyingi hakuwa peke yake, kwani pembeni mwake alikuwapo mama, baba, shangazi au mtoto. Makala haya yanaichunguza desturi hiyo ya mzazi na mtoto kusafiri pamoja kwenda kumsikiliza mwimbaji wanayempenda, hasa katika kisiwa cha Unguja na miji jirani ya mwambao, na yanashikilia kwamba safari hiyo ndiyo iliyokuwa chuo kikuu cha wasikilizaji wa taarabu, na kwamba kudumu kwa sanaa hii kumetegemea kudumu kwa safari yenyewe.

Taarabu ilipoingia Unguja haikuwa ya watu wa kusafiri kuifuata. Masimulizi ya Zanzibar yanaihusisha na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na ambaye inasemekana alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, yaani ala bapa yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole vya mikono yote miwili. Muziki huo ulipigwa kasrini, ukaimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa jamaa wa mfalme na wageni wao. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda klabu ya Ikhwani Safaa, ambayo ingali hai hadi leo, na kwa hatua hiyo muziki ukatoka katika milki ya mtu mmoja na kuwa mali ya chama chenye wanachama, ingawa chama chenyewe kilikuwa cha wanaume, na lugha ya nyimbo zake za mwanzo ilikuwa bado ile isiyoeleweka na walio wengi. Katika mazingira kama hayo mtoto wa kiume aliweza kuandamana na baba yake hadi penye mazoezi, lakini binti wa kijiji cha shamba kama Makunduchi au Mkokotoni hakuwa na sababu ya kuota safari ya taarabu, kwa kuwa hakukuwa na mwimbaji aliyemwimbia yeye.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watumwa waliotoka bara. Siti alilelewa katika kazi ya ufinyanzi, na masimulizi ya maisha yake yanaeleza jinsi alivyokuwa akitembeza vyungu na kuvitangaza kwa sauti ambayo wanunuzi waliikumbuka kuliko bidhaa yenyewe. Alihamia mjini mnamo mwaka 1911, akajifunza uimbaji kwa mabingwa wa wakati huo, na akaimba kwa Kiswahili mambo ambayo watu wa Ng'ambo waliyaishi, yaani wakazi wa upande wa pili wa mkondo wa maji uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kipato kidogo: hukumu za mahakama, dhuluma za wenye nacho, mapenzi na hiana. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakarekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri hizo zikaenea katika bandari na miji ya Afrika Mashariki. Heshima yake ilifikia kiasi cha mwandishi Shaaban Robert kumwandikia wasifu, uliochapwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake.

Santuri ilizalisha jambo jipya katika historia ya usikilizaji wa pwani, nalo ni shauku ya kumwona mwenye sauti. Kabla yake, sauti na mtu havikutengana, kwa hiyo aliyemsikia mwimbaji alikuwa tayari amemwona, lakini sanduku la santuri lilipowekwa barazani lilimwezesha mtoto kuzijua nyimbo zote za mwimbaji ambaye hajapata kumtia machoni, na mzazi aliyewahi kumwona alikuwa na la kusimulia. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyezaliwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki mwaka 2013, ni mfano mashuhuri wa kizazi kilichokulia katika shauku hiyo, kwani alisema mara nyingi kwamba uimbaji wake aliuchota kwa kumsikiliza Siti tangu ujana wake.

Safari zenyewe zilitegemea njia na nyakati. Unguja ni kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 85, na mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa mashamba waliingia mjini kwa miguu, kwa punda na kwa magari ya kukokotwa na wanyama, ila wa upande wa kaskazini mwa mji walipata bahati ya reli fupi iliyounganisha mji na Bububu kuanzia mwaka 1905. Baadaye magari ya abiria, yaliyojulikana kwa jina la gari za shamba, yalirahisisha mwendo, lakini mengi yalifanya kazi mchana tu, kwa hiyo aliyekwenda kusikiliza muziki wa usiku alilazimika kulala mjini. Waliotoka Pemba, Tanga, Bagamoyo au Mombasa walipanda majahazi na mashua, ambazo zilitii pepo mbili za mwaka, yaani kaskazi inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kusi inayoshika sehemu kubwa ya miezi inayofuata, au walipanda meli za serikali zilizokuwa na ratiba lakini zikihitaji nauli.

Katika hali hiyo, ni familia chache zilizoweza kufunga safari kwa ajili ya muziki peke yake, na hapa ndipo ilipo siri ya desturi hii. Safari ya taarabu ilisafiri ndani ya safari ya udugu. Mama alikwenda mjini kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, baba alikwenda kuuza karafuu au kuwaamkia wazee wakati wa sikukuu ya Idi, na taarabu ilikuwa sehemu ya yale yaliyowangoja huko. Malazi yalikuwa nyumba ya ndugu, chakula kilikuwa cha karamu, na kibali cha kuingia kilikuwa mwaliko, wala si tikiti. Kwa kuwa mwaliko ulikuwa wa ukoo mzima, mtoto alikuwa na haki ya kuwapo kwa kuzaliwa kwake tu, na hakuna aliyeuliza amefikia umri gani au ana pesa kiasi gani. Tikiti ilipokuja baadaye ilibadilisha zaidi ya namna ya kulipa, kwa maana ilimfanya msikilizaji awe mtu mmoja mmoja badala ya kuwa sehemu ya nyumba.

Kwa upande wa wanawake safari hii ilikuwa na uzito wa pekee. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, yaani alizuiwa kuonekana barabarani mpaka atakapoolewa, na hadhara chache alizoruhusiwa kuzifikia zilikuwa zile za wanawake wenzake, mojawapo ikiwa taarabu ya harusini. Huko alikwenda akiwa amezungukwa na mama, shangazi na somo wake, yaani mwanamke aliyekabidhiwa jukumu la kumfundisha mambo ya utu uzima. Wanawake walishona sare, wakajipanga kwa vikundi vya ujirani na urafiki, na wakakaa hadi alfajiri. Vikundi vya lelemama, ambayo ni ngoma ya wanawake iliyochezwa kwa mashindano katika miji mingi ya mwambao, vilikuwa vimekwisha kuwazoesha kusafiri kwa pamoja na kukaribishana mji kwa mji, hata taarabu ilipoenea miongoni mwao ilizikuta njia zimekwisha fyekwa.

Kilichofundishwa usiku huo hakikuandikwa popote. Nyimbo za taarabu hujengwa kwa mafumbo, yaani maneno yenye maana ya juu inayosikika na kila mtu na maana ya ndani inayojulikana kwa walengwa, na mtoto aliyekaa ubavuni mwa mama yake alijifunza kuitambua ile ya pili kwa kutazama nani ametabasamu, nani ameinamisha uso na nani ameinuka. Aliyeinuka alikwenda kutunza, desturi ambayo kwayo msikilizaji hulisogelea jukwaa kwa mwendo wa madaha akiwa ameinua noti au sarafu mkononi, kisha humpa mwimbaji wakati ule ule mstari uliomgusa unapoimbwa. Kutunza ni zawadi na pia ni usemi, kwa kuwa mwenye kutunza huyafanya maneno ya mtunzi kuwa yake mbele ya watu wote, na ndiyo maana wakati wa kuinuka ulikuwa muhimu kuliko kiasi cha fedha. Mtoto aliyeinuka katika ubeti usiofaa angeweza kuiingiza familia yake katika ugomvi usio wake, hivyo mzazi alimfundisha subira kabla ya kumfundisha ukarimu. Elimu ya namna hii haikuweza kupatikana katika santuri, kwa sababu santuri ina mwimbaji lakini haina hadhira.

Desturi ilienea katika mwambao wote kwa sura mbalimbali. Dar es Salaam ilikuwa na klabu zake za Al-Watan na Egyptian, na Tanga ilikuwa na Black Star, klabu iliyoleta mahadhi mepesi zaidi na kumkuza mwimbaji Shakila Said. Mombasa na Lamu zilikuwa na mabingwa waliopendwa kuanzia Somalia ya kusini hadi Tanga, akiwamo Zein l'Abdin, mpigaji udi mzaliwa wa Lamu, na Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014. Juma Bhalo aliimba sana harusini, na kaseti zilizorekodiwa katika hafla kama hizo zilisambaa kiasi kwamba watoto walizihifadhi nyimbo zake kabla ya kupelekwa na wazazi wao kumwona, kama walivyofanya watoto wa enzi ya santuri. Huko mashambani Unguja, ambako kundi kamili la taarabu lilihitaji gharama kubwa, kidumbaki kilishika nafasi yake: kundi dogo lenye fidla, ngoma mbili ndogo za udongo na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la mbao, ambalo lilisafiri kuwafuata wasikilizaji na hivyo kuwapa watoto wa kijijini shule ileile bila nauli.

Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yaliweka klabu chini ya uangalizi wa serikali na chama tawala, na Culture Musical Club, iliyotokana na kikundi cha vijana wa chama hicho, Afro-Shirazi Party, kilichoanza mwaka 1958, ikawa miongoni mwa makundi makubwa ya visiwa. Taarabu ikasikika katika sherehe za kitaifa na redioni, lakini harusi ilibaki kuwa kitovu chake, na wazazi waliendelea kufunga safari na watoto wao. Mtikisiko mkubwa zaidi ulikuja katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na makundi kama Tanzania One Theatre, lililoundwa mwaka 1992 na kumwinua Khadija Kopa, yalipoanza kushindana kwa mipasho, yaani nyimbo za kurushiana maneno waziwazi. Boti za kasi ziliifanya safari kati ya Unguja na Dar es Salaam iwe ya saa chache badala ya usiku mzima, na mashabiki waliongezeka mno, lakini maonyesho mengi yalihamia katika kumbi za starehe zenye viingilio na vileo, mahali ambapo mzazi wa Kiislamu aliona haya kuingia na mwanawe. Njia ilikuwa fupi na nyepesi kuliko wakati wowote uliopita, ila mlango ulikuwa umekuwa mwembamba.

Juhudi za kuupanua tena hazikukosekana. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi kanuni, udi na fidla, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kufanyika kwa miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, liliwapa wazazi nafasi ya kuwaonyesha watoto wao Bi Kidude akiwa jukwaani, katika miaka ambayo dunia nayo ilikuwa imemtambua kwa tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005. Kazi hizo zinastahili shukrani, lakini chuo huzalisha wapigaji na tamasha huzalisha watazamaji, na hakuna kimojawapo kinachoweza peke yake kumlea msikilizaji anayejua ni mstari upi wa kuinukia.

Historia hii, kwa hiyo, inawadai wale wanaoitakia mema taarabu waanze kuhesabu wasikilizaji kama wanavyohesabu waimbaji. Maonyesho ya mchana na ya jioni ya mapema, viingilio vya familia, kumbi zisizo na vileo, na harusi zinazowaalika waimbaji wa asili pamoja na ala zao badala ya nyimbo zilizorekodiwa, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa klabu, mabaraza ya miji na koo za pwani zenyewe. Siti binti Saad aliipa taarabu lugha ya watu wake, lakini kina mama waliowashika watoto wao mkono hadi penye jukwaa ndio walioipa watu wa kuielewa lugha hiyo, na deni hilo hulipwa kwa namna moja tu, yaani kwa kizazi cha sasa kuwachukua wanawe na kwenda nao.