Siku Tatu za Udaga

Mwishoni mwa mwaka 2005, mvua za vuli zilipogoma, nilikuwa na miaka tisa na nilimchukia bibi yangu kwa siku tatu mfululizo. Sababu ilikuwa rundo la mihogo.

Tuliishi kijijini, nje kidogo ya Bariadi. Mahindi yalikuwa yamekaukia shambani kabla hayajafika kiunoni, na kwenye ghala palibaki michembe ya kuhesabu. Kilichosalia ardhini kilikuwa mihogo michungu, ile ambayo hata nyani akiionja huiacha. Mama aliichimba, akaimenya, akaileta nyumbani kwa beseni. Mimi na wadogo zangu tulishangilia. Kisha Bibi akaipanga rundo kwenye kona ya jiko, akaifunika kwa majani na gunia, akatangaza kwamba hakuna atakayeigusa mpaka iote ukungu.

Ukungu! Sisi tuna njaa, yeye anangoja chakula kioze.

Siku ya pili nilimsikia mama akimsihi kwa sauti ya chini. "Mama, watoto hawajala tangu jana. Tuianike hivihivi, kesho tutwange." Bibi hakuinua hata kichwa. "Huu haujawa udaga," alisema. Jioni nilinyemelea gunia, nikachomoa kipande. Sikufika mbali. Bibi alinipiga mkono kipande kikaanguka majivuni, kisha akajifunga khanga na kutoka. Alirudi giza limeshaingia, ameshika bakuli la mtama. Alikuwa amekwenda kuomba kwa jirani, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuomba. Tulikunywa uji. Siku ya nne ukungu ulikwanguliwa, mihogo ikapondwa ikaanikwa, na ilipokauka tukala ugali wa udaga. Nilikula nikiwa bado nimenuna.

Miaka 13 baadaye, nikiwa chuoni, nilikutana na makala iliyochapishwa mwaka 1990 katika jarida la kitabibu liitwalo Brain. Ilihusu Tarime. Kutoka Bariadi unateremka hadi Lamadi, unashika barabara ya Musoma, unapita Bunda, unaendelea kaskazini. Ni mkoa wa jirani tu. Waandishi walikuwa William Howlett, aliyekuwa daktari KCMC Moshi. Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Na Hans Rosling, Mswidi ambaye vijana wengi leo wanamjua kwa video zake za takwimu za dunia na kitabu cha Factfulness. Walieleza habari za wagonjwa 39.

Ilikuwa mwaka 1985, wakati wa ukame. Watu wenye afya, wengi wao watoto na wanawake, walijikuta ghafla miguu imekakamaa. Hapakuwa na homa wala ajali. Wengine walitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine hawakuweza kusimama bila fimbo. Na hali hiyo haikuzidi wala haikupona. Aliyepata ulemavu ule akiwa na miaka saba alibaki nao maisha yake yote. Ugonjwa huo huitwa konzo.

Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938, akieleza alichokiona katika eneo la Kwango, lililokuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1981 ukame uliikumba Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na watu zaidi ya 1,100 wakapooza miguu. Wenyeji waliuita mantakassa. Rosling alikuwa daktari huko Nacala, katika mkoa huohuo, na ndiyo sababu tunamkuta tena katika habari za Tarime. Alikuwa akiufuatilia ugonjwa uleule kutoka njaa moja hadi nyingine.

Kila mahali kisa kilikuwa kilekile. Mihogo michungu ina kemikali iitwayo linamarini, ambayo muhogo ukikatwa au kupondwa hutoa sianidi. Kuvundika, kuloweka na kuanika huiondoa sumu hiyo, ila kunahitaji siku kadhaa. Njaa ikibana, siku zinapunguzwa. Mahali pa siku tatu au nne inabaki moja, na mihogo inatwangwa, inaanikwa na kupikwa kabla sumu haijaisha.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta, nikakaa. Nililiona gunia la Bibi.

Lakini maelezo hayo yalinipa swali jingine. Mwili una njia yake ya kuondoa sianidi. Watu wengi hula mihogo isiyoiva vizuri, wakatapika, wakaumwa kichwa, wakapona. Kwa nini hawa wa Tarime walipoteza miguu? Na kwa nini miguu, si mikono wala macho kwanza? Ili kuelewa ilinibidi nirudi kwenye kitu ambacho kila mtoto wa Bariadi anakijua, yaani pamba.

Msimu wa kuuza pamba unapokaribia, familia hukaa uani kuichambua. Nyeupe, iliyokauka, isiyo na majani inawekwa upande mmoja. Hiyo ni pamba safi. Yenye madoa au iliyoliwa na wadudu inakwenda upande wa pili. Hiyo ni fifi. Ukichanganya fifi kidogo kwenye gunia la safi, mpimaji wa chama cha msingi atalirudisha gunia zima. Uchambuzi hauonekani kama kazi. Wanawake wanaifanya huku wanapiga soga. Ila ukiacha kuifanya, mavuno ya msimu mzima yanaharibika.

Seli ya neva nayo hukaa ikichambua. Kila dakika inatengeneza protini, ambazo huanza kama uzi mrefu na lazima zikunjwe kwa umbo maalumu ndipo zifanye kazi. Uzi uliokunjwa vibaya hunata, hushikana na wenzake, na huweza kuziba njia. Kwa hiyo seli ina wachambuzi. Kuna chaperoni, yaani wasindikizaji, wanaoushika uzi mpaka ukunjike sawasawa. Kuna ubikwitini, alama ndogo inayobandikwa kwenye protini iliyoharibika ili ipelekwe kukatwakatwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuigundua kazi hiyo. Seli ya ngozi ikielemewa na takataka, inakufa na nyingine inazaliwa. Seli nyingi za neva hazina mbadala. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, kwa hiyo uchambuzi wake hauna likizo.

Kwamba uchambuzi huu huongezeka wakati wa dhiki tulijifunza kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Napoli, Italia, mtu alipandisha kwa makosa joto la kabati walimokuwa nzi wa matunda wa mtafiti Ferruccio Ritossa. Ritossa alipotazama kwa hadubini aliona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, dalili kwamba jeni za hapo zimeamka kufanya kazi. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962, na wachache waliijali. Baadaye ilibainika kwamba jeni hizo zilikuwa zinaagiza protini za kukabili joto, na nyingi kati yake ni wale wasindikizaji. Seli ikipata shida haipunguzi wachambuzi. Inaongeza.

Ila wachambuzi nao wanahitaji kula.

Mwili huondoa sianidi kwa kuifunga na salfa, ikawa kitu chepesi zaidi kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini tunazokula: dagaa, maharage, maziwa, nyama, nafaka. Na salfa hiyohiyo ndiyo inayoshikiza mikunjo ya protini nyingi mahali pake, kama pini, na ndiyo iliyo ndani ya glutathioni, kinga kubwa ya seli dhidi ya uharibifu. Muhogo una protini kidogo sana, na salfa yake ni haba. Kwa hiyo mtu anayekula ugali wa muhogo mtupu kwa wiki nyingi anadaiwa kotekote. Sumu inaitaka salfa, protini zinaitaka salfa, na inayoingia haitoshi. Juu ya hayo, sianidi huizuia seli kutengeneza nishati, na wasindikizaji wengi hawafanyi kazi bila nishati.

Salfa ikipungua, sehemu ya sianidi hugeuka kuwa sianati, ambayo hujibandika kwenye protini na kuziharibu. Désiré Tshala-Katumbay, daktari wa neva kutoka Kongo, na wenzake wamelifuatilia jambo hili kwa panya wa maabara, na pia kwa watoto wa Kahemba, eneo la Kongo ambako konzo haijakoma. Wamezikuta protini zilizobandikwa hivyo, na dalili kwamba mitambo ya kukunja protini kwenye mfumo wa neva nayo inaguswa. Uchunguzi haujafika mwisho. Hakuna aliyeiona seli ya mtoto wa Tarime siku ile miguu ilipokakamaa. Hata hivyo, picha inayojengeka inaeleweka kwa mchambua pamba yeyote. Fifi imeongezeka, na walioketi kuichambua wana njaa.

Na miguu? Seli zinazoumia katika konzo ni zile zinazotoka juu ya ubongo kuteremka ndani ya uti wa mgongo. Zinazoongoza miguu zina mkia mrefu kuliko zinazoongoza mikono, karibu nusu mita kwa mtu mzima. Protini nyingi hutengenezwa kwenye kiwiliwili cha seli huko kichwani na kusafirishwa kwa mkia huo, nyingine kwa mwendo wa milimita chache tu kwa siku. Wengi hufikiri kwamba urefu huo ndio unaozifanya ziwe za kwanza kuelemewa.

Nimekaa na habari hizi muda mrefu, na kinachonikera si sumu. Kinachonikera ni neno "ujinga". Mara nyingi nimesikia watu waliosoma, nami nikiwemo, wakisema watu wanapooza kwa sababu hawajui kuandaa mihogo. Historia haisemi hivyo. Katika Usukuma, serikali ya Mwingereza ilihimiza mihogo na viazi vitamu kuwa akiba ya njaa, na mara nyingi ililazimisha kwa sheria ndogo. Hesabu ya mkoloni ilikuwa ekari. Siku za kuvundika, na mikono ya kuzifanya, ziliachwa kwa wanawake, nao walizijua. Walizifuata mwaka hadi mwaka bila mtu kuwaandikia makala. Tarime nayo ilikuwa imekula mihogo miaka mingi kabla ya 1985 bila janga kama lile. Wanawake wale hawakusahau mwaka ule. Walikuwa na watoto wanaolia na rundo ambalo bado halijawa udaga. Mama yangu alikuwa mwanamke yuleyule, jikoni kwetu, siku ya pili. Tofauti yetu na wao ilikuwa bakuli moja la mtama, na jirani aliyekuwa nalo.

Konzo ilirudi Tanzania baadaye, kusini, mkoani Mtwara, na Mlingi alikuwa tena miongoni mwa walioishughulikia. Safari hii walifundisha njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa kwa unene wa sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sehemu kubwa ya sianidi iliyobaki inapaa. Kisha unapikwa ugali siku hiyohiyo. Ninaipenda njia hii kwa sababu haimkaripii mtu. Inajua kwamba mwenye njaa hana siku tatu, inamwomba saa mbili. Ila haileti dagaa.

Desemba iliyopita nilikwenda Bariadi. Bibi sasa hatoki sana. Anakaa kwenye mkeka chini ya mwembe na kuwasahihisha watu. Nilimsimulia habari za Tarime taratibu, kwa Kisukuma changu kilichochakaa na Kiswahili cha kuzibia mapengo. Nilimweleza ukame, mihogo iliyofupishwa siku, miguu iliyokakamaa. Nilijiandaa kueleza seli na salfa, na nilikuwa nimeshatafuta hata mfano wa pamba. Nilitaka pia kumwomba radhi kwa zile siku tatu, ingawa sikujua kama anazikumbuka.

Alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kidogo, akauliza:

"Na huo ugali walikuwa wanaula na nini?"

Nikamwambia mboga ilikuwa haba. Wengi walikuwa na ugali tu, na majani.

"Dagaa hawakupata?"

"Hawakupata, Bibi."

Alitikisa kichwa, kama anayesikia habari ya msiba wa mtu anayemjua. Kisha akamwita mdogo wangu, akamtuma sokoni akanunue dagaa wa Lamadi kabla hawajaisha.