KUMUUGUZA MGONJWA NYUMBANI: NANI AMEKUWA AKILIPA?



Katika toleo hili la kumbukumbu mtasoma habari za shule, visima na viongozi waliotutangulia. Sisi walimu tuliombwa kuandika historia, nasi tumechagua ile isiyo na jengo wala kibao: historia ya wagonjwa wasioweza kupona, waliouguzwa majumbani mwao mpaka siku ya mwisho. Swali letu ni moja. Gharama ya uuguzi huo ilibebwa na nani?

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia wakimbizi kutoka Rwanda. Waliwakuta wenyeji wa Ankole wana desturi ya engozi. Engozi ni machela, na ni jina la chama cha majirani pia. Mtu akizidiwa, wanaume walipokezana kumbeba mabegani hadi kwa mganga au hospitali. Akifariki, hao hao walimrudisha nyumbani na kumzika. Wanyarwanda walikuwa na ingobyi yao, na sisi tuliotoka Kongo tunaijua tipoyi. Hakuna aliyeandika risiti. Malipo yalikuwa bega na siku ya kazi iliyopotea, na kila aliyebeba alijua kwamba siku moja naye atabebwa.

Baadaye vyama hivyo viliongeza michango ya fedha. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi, huko Rukungiri, ilianzisha bima ya afya ikitumia vyama vya engozi: watu waliandikishwa kwa makundi yao, wala si mmoja mmoja. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Wakati huo huo huduma nyingine ilikuwa inakuja. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alianzisha Hospice Africa mjini Kampala akiwa na fedha za kuendesha kazi kwa miezi mitatu tu. Mwaka 1998 tawi lilifunguliwa Mbarara. Hospisi hii si nyumba ya kwenda kufia. Ni wauguzi wanaomfuata mgonjwa wa saratani au UKIMWI kwake, wakamtuliza maumivu na kuwafundisha wa nyumbani namna ya kumtunza. Dawa yao kubwa ni mofini ya kunywa, yaani unga wa mofini uliochanganywa na maji. Dk. Merriman alifariki mwaka 2025, lakini dawa hiyo imebaki.

Serikali ya Uganda nayo ilibeba sehemu yake. Huduma ya kutuliza maumivu iliingizwa katika mpango wa taifa wa afya wa miaka ya 2000 hadi 2005. Mwaka 2001 ada zilifutwa katika hospitali za serikali, isipokuwa katika vyumba vya kulipia. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalum kuandika mofini, kwa sababu madaktari walikuwa wachache mno vijijini. Mofini yenyewe mgonjwa hupewa bila malipo. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilitutambulia haki ambazo bila hizo tungebaki mlangoni.

Basi mtu atauliza: ikiwa dawa ni bure, ni nini tena cha kulipa?

Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, hapa tunaomba mtusikilize. Dawa ni bure, uuguzi si bure. Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni kilomita zipatazo 60, na mtu mwenye maumivu hawezi kukaa juu ya pikipiki. Mgonjwa asiyeinuka hutaka sabuni kila siku, maji mara mbili ya wengine, godoro, nguo za kubadilisha, uji laini. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara tangu mwaka 2020, na kitanda cha mgonjwa hakipunguzi mahitaji yake. Zaidi ya yote, mtu mmoja lazima abaki. Shamba lake halilimwi, na kibarua chake kinachukuliwa na mwingine.

Sisi walimu tunaiona gharama hiyo darasani kabla haijafika ofisini. Msichana huanza kukosa siku moja kwa juma, kisha tatu. Daftari lake linakuwa na kurasa nyeupe katikati. Ukimwuliza hujibu, "Mwalimu, mama hawezi kujigeuza." Baadaye haji tena. Tukiandika katika rejista kwamba ameacha shule, hatujaandika kweli. Yeye ndiye anayelipa.

Mwongozo wa Sphere wa mwaka 2018, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani, uliiweka huduma hii miongoni mwa viwango vya afya katika maafa. Kwa hiyo hatuombi upendeleo. Tunaomba anayemtunza mgonjwa ahesabiwe pamoja na mgonjwa: katika sabuni, katika safari ya kwenda kuchukua dawa, na katika orodha ya wahitaji.

Na sisi wakazi tusingoje gari. Wazee wa engozi walitufundisha kwamba mzigo wa mtu mmoja huwa mwepesi ukigawanywa mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Kila kijiji kiwe na zamu: huyu achote maji, yule akeshe usiku mmoja, mwingine akae na mgonjwa asubuhi ili mtoto aende shule. Haidai shilingi hata moja, na bado ni malipo.

Wenzetu waliolala katika ardhi hii walibebwa na majirani. Mungu awalaze pema, nasi atupe mabega.