Windows ya fundi na ufunguo wa nani?

Hapa Bonga, kwenye barabara ya kutoka Babati kwenda Kondoa, fundi akikwambia "ngoja nikupigie Windows", huulizi leseni imetoka wapi. Unauliza bei tu. Lakini jamani, swali la leseni lina historia yake.

Zamani ilitosha kuandika namba ya ufunguo, na namba moja iliweza kuzunguka mji mzima. Mwaka 2001 ikaja Windows XP: siku 30 uwe umeiamilisha, yaani umeithibitisha kwa Microsoft kwa intaneti au simu. Makampuni na vyuo wakapewa funguo za jumla zisizodai hayo. Zikavuja, zikasambaa kwenye CD dunia nzima.

Microsoft wakajibu kwa Windows Vista. Ofisi ikawa na seva yake ya kuthibitisha, kompyuta zisipungue 25, na kila moja ijithibitishe upya ndani ya siku 180. Sasa nani azunguke mashine moja moja? Ndani ya Windows kuna skripti iitwayo slmgr.vbs. Kwa amri chache, msimamizi anaamilisha mamia ya mashine bila kuinuka kitini. Ni kazi halali kabisa.

Maharamia wakapita mlango huohuo. Wakatengeneza seva bandia inayojifanya ya ofisi, na skripti inayoirudia kazi hiyo yenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini mimi naogopa zaidi jambo jingine. Skripti hizi hudai mamlaka yote juu ya mashine, na nyingi hutaka uzime kwanza kinga ya virusi. Huko ni kumwachia mgeni usiyemjua funguo za nyumba. Na kompyuta ya duka la stationery ina nini ndani? Vyeti vya watu, barua za mikopo, mitihani ya shule.

Bei ya leseni ni mzigo kwa mwenye duka, sibishi. Ila mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, kwa Kiswahili, bure, haidai ufunguo wala skripti. Wengi wetu tuliipita bila kugeuka. Leo LibreOffice nayo ni bure. Fundi akija, muulize kuhusu hiyo kabla hujamuuliza bei.