Neno Kujifanya na Jamaa Zake

Katika maneno ya Kiswahili ambayo nimeyaogopa tangu utotoni, la kwanza ni kujifanya. Msomaji atacheka, maana hili ni neno la kila siku. Mtoto hujifanya amelala ili asitumwe dukani, mgeni hujifanya ameshiba, na mdeni ukikutana naye sokoni Manundu hujifanya hakukuona. Lakini kwetu Korogwe neno hili lilikuwa na kazi nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kwanza tulitazame lenyewe. Shina lake ni fanya, na ile -ji- humrudishia mtenda tendo lake. Kwa hiyo kujifanya ni kujiunda, kujitengeneza uonekane kitu fulani. Jamaa zake ni wengi, wala hawafanani. Kujitia ni kujivika jambo, ndiyo maana tunasema fulani amejitia hamnazo, yaani amejivika ujinga ilhali akili anazo. Kujidai siku hizi limehamia zaidi kwenye kuringa. Kujibaraguza nalisikia kwa wazee tu. Kuzuga na kugeresha yametoka mitaani, nayo yana ucheshi ndani yake, kwani mtu akizuga aghalabu huchekwa akasamehewa. Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kujisingizia. Kusingizia ni kumtwika mwenzio kosa asilolitenda. Basi anayejisingizia ugonjwa anaushitaki mwili wake mwenyewe kwa uongo.

Jambo moja nimeligundua uzeeni. Ni nadra mtu kusema juu ya nafsi yake, kwa dhati, "ninajifanya". Ni neno la mtazamaji. Yeye ndiye anayeamua, na mara nyingi huamua akiwa na haraka.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba yaliyofuata reli kutoka Tanga, yakapita Hale na Mnyuzi mpaka Korogwe na Mombo. Kazi ilikuwa nyingi na watu hawakuitaka, maana walikuwa na mashamba yao. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, Wajerumani wakaanza kuwapa wanaume kadi za kuwalazimisha kufanya kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza nao waliendelea na kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa ikatiwa alama, na zote 30 sharti zijae ndani ya siku 42 ndipo ulipwe. Usipomaliza ulichopimiwa, siku hiyo haihesabiwi hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri. Tangu mwaka 1944 chama cha waajiri kilichoitwa SILABU kilikwenda kuwaleta watu kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi. Hao ndio manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Mahali palipo na hesabu ya namna hiyo, kujifanya mgonjwa ilikuwa sehemu ya kazi. Siwatetei wote. Nilipokuwa mdogo nilisikia watu wazima wakisimuliana, kwa vicheko, jinsi fulani alivyokaa juani mpaka uso ukamwiva, kisha akaenda kwa msimamizi akitetemeka. Walikuwa wanyonge na hiyo ndiyo silaha waliyokuwa nayo. Tatizo ni kwamba silaha ile iliwageukia wagonjwa wa kweli, kwa sababu nyapara aliyekwisha kudanganywa na kumi hamwamini wa kumi na moja.

Baba yangu alikuwa wa kumi na moja. Alikuwa mkata mkonge katika shamba moja jirani na mji, nami sitalitaja. Mwaka 1958, wakati wa masika, aliamka na homa na maumivu ya tumbo. Nyapara alikuja mpaka mlangoni, akamtazama, akasema, "Huyu anajifanya." Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama nyuma ya mama, na neno lile lilinifika kama kofi. Baba alikwenda kazini siku ile na siku mbili zilizofuata. Siku ya nne hakuamka. Kipande chake mama alikihifadhi ndani ya kibati cha chai, nacho kilikuwa na alama 27.

Ungedhani mtu aliyelelewa na kibati kile asingelitumia neno hilo ovyo. Nililitumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu Handeni, kwao mama. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, na Somalia ikaingia vitani. Wakimbizi walifika kwa bahari na kwa nchi kavu, na baadhi yao wakawekwa katika kambi ya Mkuyu, karibu na mji wetu. Habari zikaenea kwamba baadhi ya Wasomali hao wanasema wao ni Wazigua na wamerudi nyumbani. Barazani tulicheka sana. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Wanajifanya Wazigua ili wapewe ardhi."

Shangazi yangu, aliyekuwa akipepeta mahindi, aliniuliza, "Mwanangu, umekwenda kuwasikia?"

Sikuwa nimekwenda. Tulikwenda pamoja. Shangazi alianza mazungumzo na bibi mmoja aliyejitanda nguo ya Kisomali, kwa Kizigua, naye akajibu kwa Kizigua. Palikuwa na maneno ya Kisomali humo, lakini yale yetu ya Kiswahili, tuliyoyazoea hadi kuyadhani ni Kizigua, hayakuwamo. Waliendelea mpaka jua likainama. Mimi nilikuwa nikipitwa na sentensi nzima nzima.

Historia yao baadaye niliisoma. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua, na watu wengi wakachukuliwa kwenda pwani na kuvushwa hadi bandari za Benadir. Masimulizi yao yanasema walighilibiwa: waliahidiwa kazi na chakula, wakakuta utumwa katika mashamba ya mto Shebelle. Baadhi yao walitoroka, na wazee wao humtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza hadi bonde la mto Juba. Huko waliishi zaidi ya miaka mia moja bila kuiacha lugha. Wasomali waliwaita Wamushunguli. Kwa hiyo hila ilikuwapo kweli katika habari hii, ila ilifanywa na wale waliowapakia majahazini, nami nikaja kuwabebesha wajukuu.

Mwaka 2003 wengi walihamishiwa makazi ya Chogo, humo humo Handeni, wakapewa mashamba. Mwaka 2014 zaidi ya elfu moja miongoni mwao walipewa uraia wa Tanzania. Shangazi alikuwa amekwisha kufariki.

Nilikwenda Chogo mara moja baada ya kustaafu. Nilimwamkia mzee mmoja kwa Kizigua nilichokuwa nikikifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi. Aliitika, akanisikiliza kwa adabu, kisha akawageukia vijana waliokuwa wamekaa naye chini ya mwembe. Akawauliza kwa Kiswahili, ili nami nielewe, huyu mgeni ametoka wapi na kwa nini anajifanya Mzigua. Vijana walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mzee akanisogezea kigoda.