Afya ya wazazi katika uhamiaji (Jinja na Mbale)

Masharti ya kitabibu yanayomkabili mzazi wa Jinja, Mbale au wilaya za jirani anapodhaminiwa na mwanawe aliye ng'ambo. Hutungwa na nchi inayompokea, si Uganda. Wadhamini ni watu wa kyeyo, yaani Wauganda waliokwenda kutafuta kazi ng'ambo, na, hasa kwa Kanada na Uingereza, jamaa za Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972.

Mwaka 1972

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Jinja, mji wa viwanda ulio jirani na kiwanda cha sukari cha Kakira cha akina Madhvani, na Mbale, mji wa pamba na kahawa, ikapoteza wafanyabiashara wake karibu wote. Kanada ilifungua ofisi Kampala mwezi Septemba, ikaleta matabibu wa jeshi lake kuwapima waombaji papo hapo. Kazi ya miezi ikafanywa kwa wiki chache, na viza zaidi ya 6,000 zikatolewa. Kasi hiyo inastahili sifa, ingawa sheria iliyotumika, ya 1952, bado ilikataza magonjwa kwa majina, kifua kikuu kikiwemo.

Wasio na uraia walipelekwa na Umoja wa Mataifa, Sadruddin Aga Khan akiwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, katika kambi za muda za Austria, Italia na Malta, miongoni mwa nyingine. Mwaka 1973 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianzisha mpango wa "Kumi au Zaidi", ulioziomba nchi kupokea wakimbizi wenye ulemavu.

Kanada

Sheria ya 1976 iliacha orodha ya magonjwa, ikaleta kigezo cha gharama. Sheria ya sasa, iliyoanza kutumika 2002, inakataa katika kifungu cha 38 mtu aliye hatari kwa afya au usalama wa umma, au ambaye matibabu yake yatailemea serikali. Mume, mke na watoto tegemezi wa mdhamini wamesamehewa sharti hilo la gharama. Wazazi hawakusamehewa, nao ndio wenye umri wa kuugua. Mwaka 2018 kiwango cha gharama kinachoruhusiwa kiliongezwa mara tatu hadi dola za Kanada 19,812 kwa mwaka, na tangu hapo kimepanda. Kwa hiyo sukari au presha iliyodhibitiwa kwa vidonge si kikwazo kikubwa. Figo zinazohitaji mashine ni habari nyingine. VVU hupimwa kuanzia miaka 15, lakini havimzuii mtu moja kwa moja.

Vipimo hukubaliwa kwa daktari aliyeidhinishwa tu. Eksirei ya hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale haitoshi: mzazi husafiri hadi Kampala, kilomita 80 kutoka Jinja, zaidi ya 200 kutoka Mbale. Anayetiliwa shaka ya gharama huandikiwa barua na kupewa siku 90 za kujitetea.

Uingereza

Huko mambo ni kinyume. Tangu Julai 2012 mzazi lazima athibitishe kwamba uzee, ugonjwa au ulemavu unamfanya ahitaji uangalizi wa kila siku, na kwamba hawezi kuupata kwao hata kwa fedha za mwanawe. Ugonjwa unaomfungia mlango Toronto ndio anaodaiwa London. Cheti cha kifua kikuu huhitajika pia.

Hali ya sasa

Hadi 2024 Kanada ilikuwa ikiwaalika wadhamini waliojiandikisha 2020 pekee. Wazazi wengine hutumia viza maalumu ya wazazi, iliyoanzishwa 2011, inayodai bima ya afya isiyopungua dola 100,000.