Utafiti wa tishu za ubongo kuhusu ugonjwa wa kusinzia kichwa

Ugonjwa wa kusinzia kichwa ni aina ya kifafa inayowapata watoto katika baadhi ya maeneo ya Afrika yenye ugonjwa wa usubi. Umeelezwa hasa nchini Tanzania (Mahenge, mkoani Morogoro), Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Uchunguzi wa tishu za ubongo za wagonjwa waliofariki umeonyesha kwamba ugonjwa huu unaharibu ubongo kwa njia inayofanana kwa sehemu na magonjwa ya wazee kama Alzheimer. Matokeo hayo yana maana pia kwa maeneo mengine yenye usubi, kama vile Tukuyu na wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya.

Ugonjwa huu ni tofauti na malale, ambao unaenezwa na mbung'o.

Dalili na historia

Kwa kawaida ugonjwa huanza kati ya umri wa miaka 3 na 18. Kichwa cha mtoto huanguka mbele mara kwa mara kama cha mtu anayesinzia, mara nyingi wakati wa kula au wakati wa baridi. Baadaye wengi hupata degedege la mwili mzima. Wengine hudumaa, huacha shule na hupoteza uwezo wa kufikiri na kusema. Vifo vingi husababishwa na ajali za kuanguka kwenye moto au maji.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliona watoto wa aina hiyo miongoni mwa Wapogoro wa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaanzisha huko kliniki ya kifafa. Mwaka 1965 alichapisha maelezo yake. Baada ya miaka mingi ugonjwa ulijulikana pia Sudan Kusini na Uganda.

Jinsi tishu zinavyochunguzwa

Picha za MRI huonyesha umbo la ubongo, lakini hazionyeshi kinachotokea ndani ya seli. Kwa uvimbe wa ubongo, kipande kidogo huweza kutolewa kwa upasuaji mgonjwa akiwa hai, kisha kikapimwa ili kujua kama ni saratani. Kwa magonjwa yanayoharibu seli za neva polepole, kwa kawaida ubongo huchunguzwa baada ya kifo, kwa idhini ya familia.

Ubongo huhifadhiwa kwenye formalini, hukatwa vipande, hugandishwa katika nta ya parafini na kukatwa tena kuwa vipande vyembamba sana. Hivyo hutiwa rangi maalumu na kutazamwa kwa hadubini.

Matokeo

Mwaka 2018 watafiti wa Kanada na Uganda, wakiongozwa na Michael Pollanen, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa 5 wa Uganda. Walikuta protini ya tau imejikusanya ndani ya seli za neva, kwenye gamba la ubongo na kwenye shina la ubongo. Mikusanyiko ya tau ni mojawapo ya alama za Alzheimer, lakini hawa walikuwa bado vijana.

Mwaka 2019 kundi jingine, likiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, lilichunguza ubongo wa watu 9 wa kaskazini mwa Uganda waliokuwa na kifafa kinachohusishwa na usubi. Tau ilionekana kwa baadhi yao tu, ilhali dalili za uvimbeuchungu wa zamani zilikuwa za kawaida zaidi. Minyoo ya usubi haikupatikana ndani ya ubongo.

Kwa hiyo wataalamu hawajakubaliana kama tau ndiyo chanzo cha ugonjwa, au ni tokeo la uvimbeuchungu na degedege la miaka mingi. Nadharia nyingine, iliyotolewa mwaka 2017, inasema kwamba kingamwili zinazotengenezwa dhidi ya minyoo hushambulia pia seli za neva.

Usubi katika Tukuyu na Rungwe

Usubi husababishwa na mnyoo Onchocerca volvulus. Huenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi. Katika wilaya ya Rungwe mvua ni nyingi, na mito kama Kiwira na Mbaka hushuka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa. Ndiyo sababu eneo la Tukuyu, pamoja na sehemu za Kyela na Ileje, limo katika orodha ya maeneo ya usubi nchini.

Dawa ya ivermectini hugawiwa huko kupitia jamii tangu mwaka 2000. Wagawa dawa hupima urefu wa mtu ili kujua idadi ya vidonge. Dawa huua minyoo michanga, lakini haiui minyoo mikubwa, ambayo huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Kwa hiyo ni lazima kuimeza kila mwaka kwa miaka mingi.

Kinga

Seli za neva zilizokufa hazirudi. Dawa za kifafa hupunguza degedege, lakini hazirudishi kilichoharibika. Kwa hiyo kinga ndiyo muhimu zaidi. Mahenge, ambako kifafa kilionekana bado kuwa kingi baada ya miaka 20 ya kugawa dawa mara moja kwa mwaka, ugawaji uliongezwa kuwa mara mbili kwa mwaka kuanzia 2019.

Watoto wa chini ya miaka 5 hawapewi ivermectini. Wao hukingwa tu kama watu wazima na watoto wakubwa wanaoishi nao wanameza dawa, kwa sababu inzi hupata minyoo kutoka kwa mtu aliyeambukizwa.