Kombe

Mama alizaliwa Litembo, juu kwenye baridi ya Umatengo, akaolewa Mbamba Bay, chini kwenye joto la ziwa. Alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi usiku, daktari alimwandikia vidonge vya moyo. Alivimeza miezi kadhaa bila kukosa. Kisha binamu yangu akamtumia kutoka Dar es Salaam makopo matatu ya unga, yameandikwa Ayurveda, pamoja na ujumbe kwenye simu kuhusu mazoezi ya yoga. Ya yoga tulicheka tu. Mwanamke aliyeinama tangu utoto kwenye miteremko ya Litembo akifukia majani ya ngolo hahitaji kufundishwa kukunja mgongo. Lakini makopo hayakuwa ya kuchekesha. Nilipokuja likizo niliyakuta mezani, na vidonge vimewekwa juu ya kabati, nyuma ya birika.

"Hizi ni dawa za asili, mwanangu," alisema. "Zile ni za Wazungu."

Siku ile sikubishana naye. Nilitoka uani nikakaa chini ya mwarobaini.

Mti ule ndio ulionianzisha. Mwarobaini kwao ni Bara Hindi, na waganga wa Ayurveda wameutumia kwa karne nyingi. Huku kwetu ulikuja na Wahindi katika karne ya 19, ukapewa jina la Kiswahili kwa sababu unasemekana kutibu maradhi arobaini, na leo ukimwambia mtu wa Nyasa kwamba ni mgeni atakuona umevurugikiwa. Litembo hautaki kuota, kwa kuwa ni mti wa joto. Mama aliujua baada ya kuolewa, kwa mama mkwe wake aliyemchemshia majani alipopata homa. Maana yake Ayurveda iliingia nyumbani kwetu miaka mingi kabla ya yale makopo, kwa mlango wa jikoni, na hakuna aliyeiita hivyo. Sheria yetu ya mwaka 2002 inazungumzia tiba asili na tiba mbadala kama vitu viwili. Sijui mwarobaini ungekalishwa kiti gani.

Na kuna mmea mwingine uliosafiri upande wa pili, kutoka kwetu kwenda kwao.

Nchi za Ziwa Nyasa na mto Shire wawindaji walipaka mishale sumu waliyoiita kombe. Inatokana na mbegu za mmea unaotambaa juu ya miti mingine. Matunda yake ni marefu, yamekaa mawili mawili. Yakipasuka, kila mbegu hupeperuka na unyoya wake kama hariri. (Kombe hili si lile la pwani, maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji ya waridi na kunywewa na mgonjwa, ingawa nimeshindwa kulisahau moja nikiandika la pili.) Septemba 1859 David Livingstone alifika ziwani akiwa na daktari kijana, John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Kirk alichukua sumu ile. Siku moja mswaki wake ulikuwa umewekwa pamoja nayo. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Badala ya kuogopa tu, aliyahesabu.

Mbegu zikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, aliyezichunguza kwa miaka mingi. Kilichomuua nyati kwa mshale, kikipimwa kidogo sana, kiliusaidia moyo uliochoka. Wazungu wakaiita strofantini. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Albert Fraenkel, alitangaza matokeo ya kuwachoma wagonjwa wa moyo sindano ya strofantini ya kombe kwenye mshipa. Nilipoisoma tarehe hiyo niliweka kitabu chini. Februari 27, 1906, Songea, safari ya gari tu kutoka kwetu, Wajerumani waliwanyonga kwa siku moja Wangoni zaidi ya 60 waliopigana Vita vya Maji Maji, watu walioamini kwamba dawa ya maji ingegeuza risasi. Dawa ya huku iliyoshindwa tunaijua sote, tumeisoma tangu shule ya msingi. Ile iliyofaulu hatukufundishwa, wakati kule Ujerumani ilikuja kuuzwa kwa jina la Kombetin.

Usiku nilivishusha vile vidonge nikasoma majina. Kimoja kilikuwa digoksini. Hiki nacho kinatoka kwenye majani, ya ua la Ulaya. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, aliandika kitabu juu ya jamii ya ua hilo. Alieleza mwenyewe kwamba aliletewa kichocheo cha ukoo, alichokuwa amekificha kikongwe mmoja wa Shropshire aliyekuwa akiwaponya watu waliovimba miili. Ndani yake mlikuwa na mimea 20 au zaidi. Withering alitambua ni upi ulikuwa ukifanya kazi, akatumia miaka karibu kumi kutafuta kipimo, maana ukizidi kidogo mgonjwa hutapika, moyo hupoteza mwendo, hufa.

Nilimweleza Mama yote, tumekaa kibarazani, upepo wa ziwa umeanza. Nikamwambia vidonge vyake ni majani ya bibi kizee, tofauti ni kwamba haya yamepimwa, na kwamba unga wa kwenye makopo hatujui unapatana vipi nayo.

Alinyamaza kwa muda.

"Huyo bibi aliitwa nani?"

"Withering hakuliandika jina lake."

"Na aliyempa Kirk sumu ya mishale?"

"Sijalikuta popote."

Akaguna. Aliuliza kama kombe bado linaota vilimani, nikasema mmea wenyewe ungalipo kusini mwa Tanzania. Kisha akanyoosha mkono nimpe vidonge, akavigeuza kwenye mwanga wa taa. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo.

"Nisomee tarehe," alisema. "Visije vikawa vimeisha muda."

Vilikuwa na miezi saba. Asubuhi tukapanda pikipiki kwenda kwa daktari, makopo yote matatu yakiwa kwenye mfuko wake wa kitenge.